Mwili Uliosahau Kila Nilichoufundisha

Ikiwa unasomewa haya ukiwa umelala chali na huwezi hata kujikuna pua, nataka ujue jambo moja kabla ya mengine: mimi niliogopa sana. Walionitembelea waliniambia nijikaze, nami niliwaitikia kwa macho kwa sababu mdomo ulikuwa umelegea, lakini ndani yangu hamkuwa na cha kukaza. Nakuandikia sasa kwa kuwa hofu ile imepungua, na kwa kuwa wakati ule sikupata mtu wa kuniambia kwamba unaweza kuogopa kiasi kile na bado ukapona.

Jina langu ni Rukia. Nimezaliwa Mambrui, nimeolewa Malindi mjini, na kazi yangu ni kufundisha michezo katika shule ya sekondari ya wasichana. Mchezo wangu ni mpira wa wavu. Kila mwaka, wasichana wapya wanapokuja uwanjani, nawaambia maneno yale yale. Ziko stadi ambazo dunia inakungoja: unasimama nyuma ya mstari, mpira uko mkononi mwako, hakuna anayekuharakisha, unauanzisha ukiwa tayari. Na ziko stadi ambazo dunia haikungoji: mpira unakujia kwa kasi usiyoichagua wewe, nawe huna budi kuamua huku miguu inakwenda. Ziko kazi za misuli mikubwa, kama kuruka, na ziko kazi za ncha za vidole, kama kumwinulia mwenzako mpira apige. Zote hujifunzwa kwa kupita njia moja. Mwanzo unafikiria kila kitu na unakosea kila kitu. Kisha makosa yanapungua. Mwishowe mwili unafanya wenyewe, nawe hukumbuki tena ulivyojifunza.

Maneno hayo nimeyasema miaka mingi bila kuyafikiria.

Ugonjwa ulinianza mwisho wa kaskazi, jua likiwa kali na wasichana wakifanya mazoezi asubuhi mapema kabla uwanja haujawaka moto. Nilikuwa nimetoka kuumwa na tumbo, nikapona, nikasahau. Siku moja nikitembea juu ya mkeka nyumbani nilihisi kama nimevaa soksi. Nikatazama, miguu mitupu. Kesho yake ganzi ilikuwa imefika kwenye vifundo, na ngazi za shule zilikuwa zimekuwa ndefu. Nilijiambia ni uchovu.

Siku iliyofuata nilitaka kuwaonyesha wasichana namna ya kuruka kwenye wavu. Nilikunja magoti, nikaruka, nikatua, na miguu haikunipokea. Nilianguka kama nguo iliyotoka kambani. Wasichana walicheka, wakidhani nimefanya mzaha kuwaonyesha kosa. Nikajaribu kuinuka, nikashindwa. Ndipo kicheko kilipokatika, na nadhani ule ukimya wao ndio uliokuwa mwanzo wa hofu yangu.

Mume wangu, Athman, alikuja kunichukua akanibeba mpaka kwenye gari. Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengi, mimi nimemwegemea, kwa kuwa mgongo nao ulikuwa umeanza kukataa. Kando yetu mtoto mchanga alikuwa amelala mgongoni mwa mamake. Nilikuwa namtazama shingo yake inavyoning'inia, nikawaza, mimi pia nakwenda huko.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akanikalisha ukingoni mwa kitanda, akatoa nyundo yake ndogo ya mpira, akanigonga chini ya goti. Mguu haukuruka. Akagonga tena. Akahamia goti la pili, akagonga, kisha akairudisha nyundo mfukoni taratibu sana. Mimi ni mwalimu wa michezo, najua kwamba mruko ule wa goti haufundishwi. Mtu huzaliwa nao. Nilikuwa nimepoteza hata kile ambacho sikuwahi kujifunza.

"Daktari," Athman aliuliza, "ni kiharusi?"

"Sidhani. Ni mishipa ya fahamu. Inafaa apelekwe Mombasa leo hii."

Jina la ugonjwa wenyewe ni refu na la kigeni, na sitalieleza hapa, kwa kuwa utalielezwa na wanaolijua. Nitakueleza lile alilotuambia daktari wa Mombasa, mama wa makamo mwenye miwani, maana ndilo nililoishi nalo. Alisimama karibu na kichwa changu ili nimwone.

"Mwalimu Rukia, ugonjwa huu unaanzia miguuni unapanda. Unapanda, unasimama, kisha unashuka. Wengi wanapona. Lakini siwezi kukuambia utasimama wapi."

Sijawahi kusikia sentensi ya kutisha kama ile ya mwisho. Ganzi ilikuwa kwenye nyonga. Siku mbili baadaye ilikuwa kiunoni, mikono ikiwa mizito kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nikijipima kila nilipozinduka. Naweza kukunja kidole? Jana niliweza. Naweza kufumba jicho la kushoto? Halikufumba sawasawa. Uso ulilegea, nikaanza kupaliwa na maji.

Muuguzi alikuwa akija na kibomba kidogo cha kupuliza, cha kupimia pumzi. "Vuta, shikilia, puliza." Ilikuwa stadi rahisi kuliko zote duniani, nami nikaiogopa kuliko mechi yoyote niliyowahi kucheza. Kila alipokuja nilimtazama usoni asome kipimo. Walikuwa wamefundishwa kutokunja uso, lakini mtu akitazamwa sana haachi kuonekana. Pumzi zilikuwa zikipungua. Nikahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na kando ya kitanda changu pakawekwa mashine ya kupumulia, imezimwa.

Ile mashine ndiyo iliyokuwa jirani yangu. Hakuna aliyenificha ilikuwa ya nini. Kama pumzi zingeshuka zaidi kidogo, ningelazwa usingizi, bomba lingepitishwa kooni. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilisikia kila neno, nilihisi kila mkunjo wa shuka, nywele iliyoangukia kwenye kope iliniwasha asubuhi nzima na sikuweza kuiondoa. Mwisho muuguzi mmoja aliiona, akaiondoa kwa ncha ya kidole, akaendelea na kazi yake. Nililia. Yeye alidhani naumwa.

Dawa ilikuwa ya dripu, chupa baada ya chupa, siku kadhaa mfululizo. Nje masika yalikuwa yameanza, mvua ikipiga dirisha. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu kwa hofu kwamba nikiacha kuzifikiria zitakoma. Nilikuwa nimerudi kwenye mwanzo kabisa: nikifikiria kila kitu, hata kuvuta hewa.

Huko nje ya chumba, mamangu na Athman walikuwa wakigombana. Nilikuja kujua baadaye, ingawa niliwaona wanavyoingia mmoja mmoja badala ya pamoja. Mama aliamini nimepigwa jicho kwa ajili ya ushindi wa timu yangu, akataka niletewe kombe ninywe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Athman akamwambia siwezi kumeza hata mate, ataniua. Mama akamjibu kwamba mtoto ni wake, amemzaa yeye. Ndipo yule daktari wa miwani akawakuta ukumbini, akamwambia Mama, "Bi Mkubwa, asinywe chochote kwa sasa. Lakini msomee. Hilo halimdhuru." Tangu siku ile Mama alikuwa akiingia, anakaa, ananisomea Yasini kwa sauti ya chini. Namshukuru Mungu kwa sauti ile. Ilinipa kitu cha kusikiliza mbali na pumzi zangu.

Kisha kipimo kikaacha kushuka. Sikuamini mara ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu muuguzi alisoma kibomba, akakunja midomo, akasema, "Leo umepuliza vizuri." Jioni walikuja watu wawili wakaiondoa mashine wakaipeleka kwingine. Nilisikia magurudumu yake yakipita mlangoni.

Watu hudhani hapo ndipo hofu inapokwisha. Kwangu ilibadilika tu. Sasa nilijua nitaishi, lakini sikujua nitaishi nikiwa nani.

Nilirudi Malindi wakati wa kusi, na upepo wa baridi uliponipata kwenye kiti cha magurudumu nikatambua nilivyokonda. Mapaja yangu, ambayo nilikuwa nikiyaonea fahari, yalikuwa yamebaki ngozi na mfupa. Binti yetu Zuhura alikuwa darasa la tano. Alisimama mlangoni mwa chumba akanitazama, hakuingia.

"Njoo, mwanangu."

"Mama, inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Sasa mbona Baba anakubeba kama anaogopa?"

Alikuwa amesema kweli. Athman alinibeba kwa ncha za mikono, kama mtu anayebeba kioo. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na sasa hakuwa akinigusa ila kwa kuniosha au kunigeuza. Tulikuwa tukizungumza habari za dawa na choo tu. Nilidhani amechoka nami. Nililiogopa hilo kama nilivyoiogopa ile mashine.

Mara tatu kwa wiki nilipelekwa kituo cha mazoezi ya viungo. Pale pa kungojea palikuwa na viti vya plastiki na feni moja. Tulikuwa wale wale kila mara. Palikuwa na mama mmoja wa Rabai aliyekuwa akimleta mumewe aliyepooza upande mmoja. Siku moja mtandio wangu uliteleza ukaanguka mabegani, kichwa wazi mbele ya wanaume, nami sikuweza kuinua mikono. Yule mama aliinuka bila kuulizwa, akanishika kidevu, akanifunga mtandio, akaubana kwa pini aliyoitoa kwenye leso yake mwenyewe. Kisha akarudi kuketi. Hatukuwahi hata kujuana majina.

Mtaalamu wa viungo aliitwa Kadzo, mwanamke wa Kakuyuni mwenye mikono yenye nguvu na sauti ya chini. Siku ya kwanza aliniuliza kazi yangu.

"Mwalimu wa michezo," nikamwambia.

"Basi unajua yote nitakayokuambia."

"Nilikuwa najua."

Alinisimamisha kati ya vyuma viwili sambamba. Magoti yakagongana. Nikatazama chini, nikaanza kujiamuru: inua nyonga, kunja goti, sukuma unyayo. Goti likafunguka, Kadzo akanidaka kiunoni. Tukarudia. Nikaanguka tena mikononi mwake. Jasho lilinitoka kwa woga kuliko kwa kazi.

"Mwalimu, unatazama nini?"

"Goti."

"Usilitazame goti. Tazama ule mlango. Nenda mlangoni."

Nikautazama mlango. Nilichukua hatua, kisha ya pili, kisha nikakumbuka goti nikaanguka. Lakini zile hatua zilikuwa zimekwenda. Huo ndio msaada wangu wa kwanza kwako, kama uko mahali pale: tafuta kitu cha kukifikia, mwili uuache upange njia yake. Nami nasema hivi nikijua kuna siku hauna njia ya kupanga, na siku hizo utalia tu, na kulia hakuharibu kitu.

Miguu ilirudi kabla ya vidole. Kazi kubwa zilitangulia, ndogo zikachelewa. Niliweza kusimama kabla sijaweza kufunga kifungo. Chakulani ndipo nilipoona haya zaidi. Kwetu wali huliwa kwa mkono, na tonge linataka vidole vitatu na gumba vikubaliane. Mimi wali ulinipukutika kifuani. Mama alikuja na kijiko.

"Fungua mdomo, mwanangu."

"Mama, nitakula mwenyewe."

"Utashinda na njaa?"

Athman akasema, kwa ukali ambao sijawahi kumsikia akiutumia kwa mamangu, "Mwacheni ale, mama. Mkimlisha mkono hautajifunza." Mama akakiweka kijiko chini akaenda chumbani. Siku mbili hawakusalimiana. Mimi katikati yao, na punje za wali mapajani, nikatamani ningebaki hospitalini.

Ni Zuhura aliyemaliza ugomvi ule, bila kukusudia. Alikuja akaketi mkekani, akanitazama nikihangaika, kisha akaanza kula kutoka upande wa pili wa sinia ile ile. Halafu akasema, "Mama, kandamiza kwanza. Usiinue mpaka likamatane." Nikakandamiza. Tonge likafika mdomoni, nusu yake. Hakunipongeza. Aliendelea kula. Tangu siku ile tukawa tunakula pamoja, na akaanza kulala chumbani kwangu mchana.

Vuli ilipoanza nilikuwa natembea kwa mkongojo. Kituoni nilikuwa nakwenda kutoka ukuta hadi ukuta vizuri, mpaka Kadzo akawa ananirushia mpira wa sponji nikiwa nasimama. Nilidhani huo ndio mwisho wa safari. Athman akanipeleka sokoni, kwa kuwa nilimwomba. Akaegesha ng'ambo, akaniambia ataninunulia vitunguu, nimngojee pale. Sikungoja. Nilitaka kuvuka mwenyewe.

Kituoni sakafu haibadiliki, ukuta haukujii. Barabarani kila kitu kilikuwa kinakuja. Mkokoteni wa maji, mtu na baiskeli, mwanamke aliyebeba beseni, kisha tuktuk iliyotoka kona ikipiga honi. Nilikuwa katikati. Miguu ikaganda. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi, na ile hofu ya chumba cha mahututi ikanijia yote kwa mkupuo, kifua kikabana, nikavuta pumzi nikaziona haziji. Tuktuk ilikwepa ikapita karibu hata upepo wake ukanipeperusha buibui. Mtu akanitukana. Nikabaki nimesimama pale na mkongojo wangu, nikilia mbele ya soko zima.

Athman alitupa vitunguu akakimbia. Alinishika, safari hii si kwa ncha za mikono. Alinikumbatia hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akanivusha, akaniketisha kwenye gari.

"Rukia, kwa nini hukunisubiri?"

"Nilidhani umenichoka. Nilitaka nisikuhitaji."

Aliushika usukani bila kuwasha gari. Kisha akasema, "Ule usiku wa kwanza kwenye chumba cha mahututi waliniambia wakikuwekea ile mashine huenda usiitoke. Tangu hapo nikikugusa naona kama nitakuvunja. Sijakuchoka. Naogopa."

"Hata mimi."

"Najua."

Akawasha gari, tukarudi nyumbani. Usiku ule tulilala kitanda kimoja, mara ya kwanza tangu niugue. Na juma lililofuata Kadzo, nilipomsimulia, hakunicheka. Alinitoa nje ya kituo, tukafanya mazoezi kwenye mchanga, kwenye kokoto, kwenye ukumbi wakati watu wanapita, kila siku mahali tofauti. "Umejifunza kutembea kwenye chumba changu," aliniambia. "Sasa ujifunze kutembea kwa watu."

Hofu ya mwisho ilikuja kaskazi ya pili, nilipokwisha kurudi shuleni kwa nusu siku, nikifundisha nikiwa nimeketi. Nilipata mafua, na asubuhi moja nyayo zikaanza kuwashwawashwa. Sikumwambia mtu mpaka chai. Kisha nikamwambia Athman, na rangi ikamtoka. Tulirudi kwenye lile benchi la ukumbini. Nilikaa nikikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nikivipima, kimoja kimoja. Yule daktari kijana alitoa nyundo. Aliponigonga, mguu uliruka kidogo, uvivu uvivu, lakini uliruka.

"Haujarudi," alisema. "Mishipa inapokuwa inapona huwashwa, na mtu akiumwa huhisi zaidi. Rudi nyumbani upumzike."

Athman aliuliza mara tatu kama ana hakika. Daktari alimjibu mara tatu.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa kama zamani. Siruki. Nikichoka unyayo wa kulia unaburura. Wasichana wangu wamejifunza kusoma uchovu wangu, wananiletea kiti kabla sijaomba. Bado huamka alfajiri nikakunja vidole kabla sijafumbua macho, kuhakikisha vipo. Huenda nitafanya hivyo maisha yangu yote, na nimekubali.

Lakini nikueleze la mwezi uliopita, ndilo lililonifanya niketi kuandika. Nilikuwa Mambrui kwa mamangu. Alikuwa ametoka kuosha sakafu ya uani, nami nikatoka jikoni na kikombe cha chai bila kutazama. Mguu ukateleza. Kabla sijawaza lolote, mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mwimo wa mlango, goti limejikunja, uzito umehamia upande wa pili, nami nimesimama. Kikombe ndicho kilichovunjika.

Mama akaja mbio. "Umeumia?"

"Sijaumia. Mama, mkono umekwenda wenyewe."

"Mkono gani? Hebu ondoka hapo penye maji. Sijakwambia sakafu mbichi?"

"Sikuufikiria, Mama. Umekwenda wenyewe."

Hakunielewa, akaenda kuleta ufagio. Niliketi kizingitini. Moyo ulikuwa ukidunda, kama wa mtu yeyote aliyenusurika kuanguka. Ilikuwa hofu fupi, ya mtu mzima mwenye afya yake, na ilikwisha kabla chai haijakauka sakafuni.